Kofia ya Marehemu Baba

Msinicheke kabla sijamaliza. Mimi ni fundi simu hapa Chuno, na masikio yangu yalikuwa yamejitokeza hivi kwamba mafundi wenzangu waliniita Dishi. Posa yangu ilipokubaliwa kule Ziwani, nikaona aibu kupigwa picha za harusi nikiwa vile. Nikaenda Dar es Salaam kufanyiwa upasuaji, daktari akayalaza yakalala kabisa. Wakwe niliwaambia nafuata nguo za harusi. Hata mchumba sikumwambia.

Siku ya ndoa nikavaa kanzu mpya na kofia ya marehemu baba, ile niliyokuwa nikiivaa kila Ijumaa kabla ya upasuaji. Nikaketi mkekani, barazani kwa wakwe. Shehe akanishika mkono wa kulia, nami nikainamisha kichwa kwa adabu.

Kofia ikateremka mpaka machoni.

Kumbe marehemu alikuwa na kichwa kikubwa kuliko changu, na miaka yote ile kofia yake ilikuwa ikizuiwa na masikio yangu! Nikaisukuma juu kwa mkono wa kushoto. Ikashuka tena, safari hii mpaka puani.

"Sema, nimekubali kumuoa," shehe akaniamuru.

Nikafungua mdomo humo humo gizani. Lakini bibi yake mchumba, aliyekuwa akichungulia mlangoni, akaniwahi.

"Shehe, subiri kwanza!" akapaza sauti. "Huyu mmemtoa wapi? Tuliyemkubali sisi alikuwa na masikio!"