Herufi Mbili Katika Kadi ya Evodia

Evodia, fundi cherehani wa Katandala mjini Sumbawanga, alichangia damu parokiani kwa hiari yake, na Jumanne iliyofuata akapewa kadi. Aliisoma akiwa bado amesimama mlangoni: Kundi A, Rh chanya. Furaha ikamtoka.

Mama yake mzazi, Cornelia, alikuwa akiugua baridi yabisi kwa miaka kumi na minane. Huo ni ugonjwa ambao kinga ya mwili, badala ya kupambana na vijidudu, huugeukia mwili wenyewe na kuvila viungo. Vidole vya Cornelia vilikuwa vimepinda hata kufunga kifungo kulimshinda. Katika daftari lake la hospitali yaliandikwa maneno ambayo Evodia aliyakariri tangu usichana: Rh. chanya. Chini yake: Kundi A.

Hakumwambia mtu. Vidole vilikuwa vikimuuma, naye hakujikumbusha kwamba wiki hiyo alikuwa ameshona sare thelathini na sita. Siku ya tisa alimwambia wifi yake, Debora, aje achukue cherehani, kwani ushonaji haukuwa wake tena. Debora aliisikiliza habari yote, akaiacha cherehani mahali pake, akampeleka mwenyewe hospitali.

Daktari Adolfu alivibonyeza vifundo vya vidole kimoja kimoja.

"Asubuhi mikono hukaza?"

"Haikazi, daktari. Huuma jioni, baada ya kazi."

Akaisoma kadi, kisha daftari la Cornelia.

"Mama, hii Rh ya mzazi wako ni ufupisho wa "rheumatoid", jina la kipimo cha baridi yabisi. Hii yako ni ya "rhesus", jina la kima aliyetumiwa katika utafiti wa damu zamani. Watu wengi mno wana Rh chanya. Hata mimi."

"Na kundi A, ambalo ni letu sote wawili?"

"Limechunguzwa. Watafiti wengine waliona kundi fulani limezidi kidogo miongoni mwa wagonjwa, wengine hawakuona tofauti. Hatumwambii mtu kuwa anaumwa kwa sababu ya kundi lake. Ila undugu una uzito kidogo, kwa hiyo tupime."

Majibu yalitoka siku ileile: hasi. Evodia hakuwahi kulipenda neno hilo shuleni; sasa aliomba asomewe mara mbili.

"Vidole vimechoka tu," alisema daktari. "Vipumzishe. Vikivimba, urudi."

Alipofika nyumbani alimkuta Cornelia uani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Debora amenipigia simu. Kwa hiyo siku tisa ulikuwa ukimlilia kima?"

"Nilidhani nimekurithi."

"Ulichorithi kwangu ni pua. Ubishi ni wa baba yako. Vidole ni vyako mwenyewe."

Evodia alicheka hata akaketi chini.

"Sema polepole, mama, majirani watasikia."

"Na wasikie. Si habari ya msiba."