Pini Midomoni

Fundi wa mashine ya dirishani hushona amebana pini midomoni. Ukimsalimu, yeye hujibu kwa nyusi. Kabla ya kukanyaga mashine hufumba macho kidogo, na wenzake humtania, "Mwenzetu, unasinzia asubuhi yote hii?" naye hucheka puani. Amemwamini Yesu miaka sita bila kumwambia mtu. Imani ni ya moyoni, hujiambia, tena mdomo wenyewe una kazi.

Jana bosi alimkuta mama wa vifungo, yule anayeshonea nguo vifungo, akisali, akamfukuza kazi palepale. "Sitaki walokole humu! Kuna mwingine?" Mafundi wote wakainamia vitambaa vyao. Fundi aliwaza wanawe watakula nini, kisha akawaza atamtazamaje Yesu siku ile ya hukumu, yeye aliyejificha nyuma ya pini. Akazitoa mojamoja, akazichomeka kwenye kimto cha pini anachokifunga mkononi. "Nipo mimi, bosi." Bosi akakodoa macho. "Wewe? Bubu wetu?" "Bubu amepona." Fundi akamwita mama wa vifungo, aliyekuwa bado amesimama mlangoni akilia, akamvutia kiti karibu na chake. "Kaa kwanza, mama, ufute machozi. Kama ni kutoka, tutatoka wawili."