Nilivyomtunza mwimbaji mbele ya Zaina

Basi nikapanda jukwaani mwenyewe, na umri wangu huu, mchezo unaendelea.

Andika hivyohivyo, mjukuu wangu, uwasomee mashoga zangu wa Ilala.

Ule mchezo wa kuimba wa Waunguja, nyimbo zake nazijua zote kwa gramafoni ya mkahawani, pale wanapounguza kahawa kila siku. Kuuona kwa macho ndiyo leo.

Na nani kakaa mbele yangu? Zaina!

Aliyekula kwangu miaka saba, akaondoka na mume wangu. Na mume mwenyewe yuko ubavuni mwake, kanyoa ndevu, mzee mzima.

Yule binti jukwaani akaimba:
"Nilikupa sahani, ukataka na kitanda."

Jamani, nivumilie vipi? Kwetu wimbo ukikugusa, unamtunza mwimbaji, zawadi palepale.

Nikachomoa kikuba changu, kile kishada cha asumini cha kunukia, nikambandika binti kifuani, nikageuka, kidole kwa Zaina.

Bwana wa mlangoni anapiga kelele, "Mama, shuka! Hapa si harusini!"

Binti keshaelewa, mtoto wa pwani yule. Akaurudia ubeti mara tatu, anamtazama Zaina! Ukumbi mzima vigelegele.

Yule mume, mpumbavu, naye akapiga makofi. Zaina akamtandika pochi ya uso.

Miaka ishirini nimeingoja siku hii. Nyie mngekaa kimya?

"Mwasiti! Toka nje kama mwanamke kweli!"

Huyo, Zaina, kanifuata hadi nyumbani, yuko barazani kwangu. Weka kalamu, mjukuu wangu. Naitwa.