Maji Yaliyotulia Kwenye Kioo

Mwanangu, kuna Jumapili moja ya Iringa ambayo mpaka leo nikiikumbuka viganja hunitoka jasho, na sasa nina miaka sitini na tisa. Ilikuwa mchana wa kiangazi, na mama yangu mzazi alikuwa amekaa nyuma ya gari moshi nililolitengeneza kwa mikono yangu. Usicheke. Lilikuwa gari moshi la kweli, linalokula makaa ya mawe na kunywa maji, ila dogo. Urefu wake kama meza ya kulia chakula, na kimo chake hakifiki gotini. Nyuma yake unafunga vibenchi vya magurudumu, watu wanakaa, linawavuta.

Hata hapa Ilomba, Mbeya, ninapoishi siku hizi watu huniuliza, "Mzee Chesco, hiki kidude kina faida gani?" Nawajibu kinanifurahisha, basi. Kuna wanaofuga njiwa, kuna wanaoshinda kwenye bao. Mimi nachoma makaa nasikiliza mvuke. Anayetaka faida nyingine akalime viazi.

Wakati huo nilikuwa kijana wa miaka ishirini na minane, fundi wa malori kwenye gereji moja ya barabara kuu, pale chini ya mlima uliobeba mji wa Iringa. Aliyeniambukiza ugonjwa huu ni Mzee Sudi. Babu zake walitoka pwani na biashara zao wakalowea Iringa, lakini yeye ujana wake wote aliumaliza akichochea moto kwenye magari moshi ya reli ya kati, kabla ya dizeli kuyafukuza. Alipostaafu alifungua kibanda cha kutengeneza majiko na taa, na uani akaweka mashine ya kukereza chuma. Hapo uani ndipo mimi na yeye tulipolijenga lile gari moshi, miaka minne, kila nikitoka kazini. Boila, tangi la kuchemshia maji, tuliikunja wenyewe kwa bati la shaba nyekundu. Reli tulizipinda kwa nyundo, zikazunguka uwanja mzima.

Sasa nikueleze jambo moja la kazi hii, maana bila hilo hutanielewa. Ubavuni mwa boila kuna mrija mdogo wa kioo uliosimama wima. Maji ya ndani ya boila huonekana humo, ukitazama unajua yamebaki kiasi gani. Yakipungua mpaka dari la tanuru likabaki kavu juu ya moto, shaba inalainika, na hapo boila haivuji, inapasuka. Kwa hiyo kabla ya kuondoka, unafungua koki ndogo iliyo chini ya kioo, maji yaliyomo yamwagike yote, kisha unafunga. Yakirudi upesi, kioo kinasema kweli. Yasiporudi, njia imeziba, na ulichokuwa unakiona ni uongo. Mzee Sudi aliita hivyo kukiuliza kioo. Alinipigia kelele za "kiulize, kiulize" mpaka nikawa nazisikia usingizini. Kazi yenyewe haimalizi hata dakika moja!

Mama yangu alikuwa mkulima wa kijiji kimoja upande wa Tosamaganga. Kwa miaka yote minne alinisimanga, mbele za watu pia. "Wenzako wanajenga nyumba, wewe unawajengea panya gari," alisema, akicheka na shangazi zangu. Nilicheka nao, lakini iliniuma, sikufichi. Ndiyo maana nilimwalika Jumapili ile. Nilitaka apande, aone, anyamaze.

Jioni ya Jumamosi kioo kilikuwa kinavuja pale chini, nikabadilisha mpira unaokizunguka. Niliubana vizuri, kikaacha kuvuja, nikajipongeza. Jumapili Mzee Sudi alipokuwa anakwenda msikitini kuswali adhuhuri, aliniambia, "Washa moto, lakini usiliondoe mpaka nirudi. Na huo mpira mpya, kiulize kioo."

Haya. Mama akafika, ametoka misa, kavaa kitenge chake kizuri na mkoba mkononi. "Kamwene," akasalimia wote, na majirani wakamwitikia. Uwanja umejaa watu. Geji inaonyesha mvuke wa kutosha. Nikatazama kioo, maji nusu. Mazuri, meupe, yametulia. Waswahili wamesema mcheza kwao hutunzwa, na mimi nilikuwa nataka kutunzwa siku hiyo hiyo. Nani angemsubiri mzee amalize kuswali? Nikamkalisha mama kwenye benchi la kwanza, mimi nikakaa juu ya kibehewa cha makaa, mgongo wangu karibu unagusa magoti yake. Nikafungua mvuke.

Mwanangu, lilikwenda! Mzunguko wa kwanza mama alikuwa kimya, ameshika mkoba kwa mikono miwili. Wa pili akaanza kucheka. Wa tatu akapiga kigelegele, na watu wakampokea. Nilijiona mfalme. Kila nikitupia jicho kioo, maji nusu. Sikuona haja ya kupiga pampu ya kuongeza maji.

Mzunguko wa tano ndipo Mzee Sudi aliporudi. Alisimama mlangoni, akatazama kioo kikimpita, akatazama tena. Kisha akaja mbele yetu na kuinua mkono, nami nikafunga mvuke. Hakupaza sauti. "Mama," alimwambia, "shuka. Njoo huku kwangu, twende mbali kidogo. Na nyie wote sogeeni nyuma ya ukuta."

"Kuna nini, mzee?" nikamuuliza.

"Maji hayatikisiki."

Ndipo nilipotazama kwa akili. Gari moshi linapotembea hutetemeka, na maji ya kwenye kioo hucheza pamoja nalo. Yale yalikuwa yamesimama tuli. Mpira wangu mpya ulikuwa umejipinda chini na kuziba njia. Maji yale yalifungiwa humo humo, hayana habari yoyote na boila.

Hofu ikanishika, na hofu ni mshauri mbaya. Nikaurukia mpini wa pampu nijaze maji. Mzee akanidaka kiwiko, akanivuta hadi nikaangukia majani. "Ukitia maji baridi kwenye shaba iliyoungua, unatuua sasa hivi!" Akainama mwenyewe, mzee wa miaka sabini, akachomoa pini ya wavu wa tanuru, na moto wote ukamwagika chini. Makaa yamesambaa majanini, moshi umejaa uwanja, watu wananong'ona nyuma ya ukuta. Sherehe yangu ikawa imekwisha.

Unajua nilichomwambia? Naona haya kukusimulia, lakini nitasimulia. Nilimwambia, "Umeniaibisha mbele ya mama yangu."

Akapangusa mikono. "Afadhali uaibike mbele ya mama yako kuliko uaibike kwenye matanga yake. Kioo ulikiuliza?"

"Kilionyesha nusu."

"Sikukuuliza kilionyesha nini."

Tuliacha boila ipoe mpaka ikashikika, ndipo akafungua tundu la chini na kukinga maji yaliyobaki kwa kikombe cha chai. Hakikujaa. Dari la tanuru lilikuwa limeanza kubadilika rangi. Mzunguko mmoja tu zaidi, labda miwili, na aliyekuwa nyuma yangu ni yule aliyenizaa. Nilikaa chini nikalia, mtu mzima na ndevu zangu. Mama alipoeleweshwa alikichukua kile kikombe, akachungulia ndani. Kisha akasema, "Kumbe ulitaka kunichemsha kama kande." Majirani wakaangua kicheko, na yeye akanishika bega.

Wamesema mchelea mwana kulia hulia yeye. Mzee Sudi hakunichelea, na ndiyo maana nilipata mama wa kwenda kumtazama miaka mingi baadaye. Maana habari haikuishia pale.

Mzee Sudi alishafariki, Mungu amrehemu, nami nikahamia Mbeya na vyuma vyangu. Mama alibaki kijijini, hakutaka kung'oka. Simu za mkononi zikaja, nikamnunulia, nikawa nampigia kila Jumapili. "Mama, hujambo?" "Sijambo, baba. Tunamshukuru Mungu. Nyie fanyeni kazi." Wiki hii hivyo, wiki ijayo hivyo, maneno yale yale kwa sauti ile ile. Na mimi naridhika, nakata simu, narudi kwenye nati zangu.

Jumapili moja nilikuwa uani namwaga maji ya kioo kabla ya kuwasha, simu ipo sikioni, na mama anasema sijambo. Nikashtuka. Mwezi wa pili huu sijasikia neno jipya kutoka kwake! Mwanamke ambaye zamani alikuwa akinisimulia hadi kuku wa jirani! Nikamuuliza, "Mama, leo umepika nini?"

Kimya. Nikarudia. Akasema, "Ah, baba, nitapika."

Ilikuwa saa kumi jioni. Kesho yake asubuhi nilikuwa kwenye basi la kwanza. Nilimkuta kitandani, mguu umevimba kwa kidonda alichokuwa anakifunika na khanga, na jirani ndiye anayemletea uji. Alikuwa hataki "kunisumbua". Tukambeba hadi hospitali, na daktari akasema tungechelewa siku chache tu, mguu ungekatwa, na huenda na yeye tungemkosa. Alipona. Akaishi miaka minane mingine, na alipopata nafuu nikamleta Mbeya akapanda tena gari moshi langu. Alinikodolea macho mpaka nilipoifungua ile koki ya kioo.

Kwa hiyo, mwanangu, nakwambia, sikiliza kwa masikio yako yote. Mficha maradhi kifo humuumbua, lakini wazazi watakuficha tu, ndivyo tulivyo, na mimi nimeshaanza. Ukipiga simu nyumbani usiishie kwenye "hujambo", maana jibu lake limepikwa zamani, linangoja tu kupakuliwa. Uliza kitu ambacho lazima kijibiwe upya. Umepika nini, umelala saa ngapi, jana nani alikuja kukuona. Jibu lisiporudi upesi, usimpigie kelele, usimtumie pesa ukadhani umemaliza. Panda basi. Kazi itakungoja. Na akitokea mtu akamwaga moto wako mbele za watu, ukasirike siku hiyo kama nilivyokasirika mimi, ila kesho yake nenda kamshukuru, asije akafa hujamwambia. Mimi nilimwambia Mzee Sudi, tena mara nyingi, na kila mara alinijibu nimpishe afanye kazi.

Mungu akulinde na safari zako ziwe za heri. Akupe wazee wakali na mama wa umri mrefu, na siku utakapofika kwao ghafla, uwakute wazima jikoni, wakikugombeza kwa nini hukusema unakuja.