Kitambaa Juu ya Sipiyu

Katika nyumba ya mama yangu hakikuwepo kitu kilichokaa uchi. Makochi yalikuwa na vitambaa mgongoni na mikononi, redio ilikuwa na chake, televisheni ilikuwa na chake chenye pindo la maua, na hata chupa ya chai ilifumiwa kijisketi. Mama alifuma akingoja maharage yaive, alifuma kwenye vikao vya ukoo, alifuma akisikiliza taarifa ya habari. Kwa hiyo nilipoleta kompyuta ya mezani na kuiweka chumba cha pembeni, nilijua kitakachofuata. Alilipima kwa shubiri lile boksi ambalo sote huku tunaliita sipiyu, na haukupita muda likawa na kitambaa cheupe chenye ukingo mwekundu wa kahawa iliyoiva. Nilikisifia, maana kilikuwa kizuri kweli.

Mimi ni kitinda mimba. Kwa desturi yetu Wachagga, mtoto wa mwisho wa kiume ndiye anayebaki na wazazi kwenye kihamba, yaani shamba la nyumbani lenye migomba na kahawa. Kaka zangu wako mijini, hurudi Desemba na kelele zao, kisha huondoka. Baba alishatangulia. Tumebaki wawili, mama na mimi, mlimani juu ya Himo, na riziki yangu ni kuhariri video za harusi, za kipaimara na za misiba. Kazi hiyo inategemea kadi ya grafiksi, kile kibao cha ndani ya kompyuta kinachobeba mzigo wote wa picha. Kikigoma, skrini inakuwa nyeusi na mimi nakuwa mtu wa kukata majani ya ng'ombe tu.

Kompyuta niliinunua bila kadi hiyo. Kadi niliifuata Moshi mjini, kwenye duka la vipuri la familia moja ya Kihindi, nikaifunga mwenyewe. Ilihitaji umeme wake wa peke yake, na pawa saplai ya zamani, kile kifaa kinachogawa umeme ndani ya boksi, haikuwa na plagi inayoingia. Nikaunga waya, nikazungushia tepu nyeusi, nikajipongeza. Sikuita fundi kwa sababu fundi nilikuwa mimi, au ndivyo nilivyowaambia watu.

Kadi ya kwanza ilikufa bibi harusi akiwa katikati ya kukata keki. Mistari ya kijani ilipita usoni mwake, feni ikanguruma, skrini ikazima. Nililaumu umeme, nikanunua stabilaiza ya kuutuliza. Kadi ya pili ikafa vilevile, nikalaumu panya. Ya tatu ilipokufa nilimlaumu mzee wa dukani kwamba ananiuzia mitumba iliyochoka. Mara ya kwanza alinibadilishia, mara iliyofuata alikataa, nami nikanunua nyingine nikatoka pale nikiwa nimemnunia.

Video ndefu huiacha kompyuta iimalizie yenyewe huku nikienda kuhudumia ng'ombe. Jumamosi moja nilirudi nikakuta skrini nyeusi tena, na juu ya sipiyu kitambaa kimetandazwa vizuri, kimenyooshwa pembe zote. Mama alikuwa amepita, akadhani kazi imeisha, akaifunika isipate vumbi. Nikaweka mkono juu ya boksi. Lilikuwa la moto. Basi, nikajua nimempata mchawi wangu.

Asubuhi hiyo jumuiya yetu ya kanisa ilikuwa inasali kwetu. Akina mama walijaa sebuleni na rozari zao mikononi. Mtu mwenye akili angengoja waondoke. Mimi nilitoka na kile kitambaa nimekikunja ngumini.

"Mama, kumbe ni wewe! Ni wewe unayeniulia kazi na haya matambara yako!"

Nikakitupa kwenye zulia. Sala ilikatika katikati ya Salamu Maria. Mama mmoja, jirani yetu aliyenibeba mgongoni nikiwa mchanga, alikitazama kitambaa cha kochi alilokalia, kisha akauondoa mkono wake juu yake taratibu. Mama yangu akaokota kitambaa, akakiweka mapajani.

"Sikujua, baba," alisema. Halafu akaanza sala pale ilipoishia.

Kesho yake baada ya misa alinijia chumbani. Mikononi alikuwa na jani la sale.

Kwa asiyetoka kwetu niseme kidogo. Sale ni mmea wa majani marefu tunaoupanda mipakani mwa vihamba na kwenye makaburi ya wazee. Mtu aliyekosa hulibeba jani lake mpaka kwa aliyemkosea, na akilileta, huruhusiwi kumnyima msamaha, hata kama amekuumiza vipi. Lakini mdogo ndiye humpelekea mkubwa, au watu wazima wakapelekeana. Mzazi kumletea mwanawe wa kumzaa sijawahi kusikia, si kwetu, si kwa majirani.

"Nimekuja, baba. Nilikukosea bila kujua. Hiyo mashine ndiyo inayokulisha."

Alilishika jani kwa mikono miwili. Mimi nilikuwa nimekaa kwenye kiti changu cha kazi. Nilinyoosha mkono mmoja, nikalipokea nikiwa nimekaa vilevile, nikasema yameisha. Na nilijisikia vizuri, hilo ndilo linalonitia aibu kuliko yote. Nilijisikia mwenye haki, nikaona hata nimekuwa muungwana kwa kutomgombeza tena.

Nikafunga kadi nyingine. Safari hii boksi lilikuwa wazi, hewa inapita, feni nimezisafisha kwa brashi. Nikaanza kuhariri kipaimara cha mtoto wa jirani. Mistari ya kijani ikarudi, ikapita kwenye mavazi ya askofu, skrini ikazima. Halafu nikasikia harufu ya plastiki iliyoungua.

Niliifuata harufu kwa pua mpaka kwenye tepu yangu nyeusi. Plagi niliyoiunga kwa mkono wangu ilikuwa imegeuka kahawia, upande mmoja umeyeyuka. Kila kadi niliyoitoa niliichomoa kwenye plagi hiyohiyo, na kila kadi mpya niliichomeka hapohapo. Nilikuwa naiona kila mara. Nilishuku umeme wa nchi nzima, nikashuku panya, nikamshuku mzee wa watu, nikamshuku mama yangu, lakini kazi ya mikono yangu sikuishuku hata kidogo. Nyani haoni kundule.

Niliazima pawa saplai kwa mhariri mwenzangu wa Himo, yenye plagi inayostahili, na kadi moja niliyodhani imekufa ikawaka. Ilifanya kazi tangu asubuhi mpaka ng'ombe wakalia njaa. Hapo ningeweza kukoma. Badala yake nilitaka kujaribu tena nikiwa nimeifunika, maana moyoni nilikuwa bado natafuta japo robo ya kosa imwangukie mama. Nikaenda sebuleni kutafuta kile kitambaa.

Sebule ilikuwa tupu. Makochi yalionyesha michubuko yake yote, redio ilikuwa na vumbi, televisheni imekaa peupe, chupa ya chai haina kijisketi. Pembeni ya kiti cha mama kulikuwa na kapu limejaa mabonge ya uzi, meupe, mekundu, ya bluu. Alikuwa amefumua vyote, kimoja baada ya kingine, asije akaharibu kitu kingine cha watu bila kujua. Sijui alianza lini. Nilikuwa napita hapo kila siku kwenda kula.

Nilirudi nikafunika sipiyu kwa koti langu. Boksi lilipata joto. Kompyuta haikuzima.

Nilikwenda mpakani mwa kihamba nikakata jani la sale. Jumamosi jumuiya ilikuwa kwa jirani, nikaingia huko na jani langu. Nilisema "Tumsifu Yesu Kristo," wakaitikia wakinitazama mikono. Nilipiga magoti mbele ya mama.

"Haikuwa kitambaa, mama. Ni waya nilioufunga mimi. Nilikusingizia mbele ya hawa, nimekuja mbele ya hawa."

Alilipokea haraka, kama anayetaka nisiendelee kuonekana pale chini. "Nimepokea. Inuka, baba, utachafua suruali."

Tulirudi nyumbani pamoja, yeye amelibeba jani. Sebuleni alikaa kwenye kiti chake, katika nyumba aliyoijenga na baba kabla sijazaliwa, akalivuta kapu la uzi karibu na miguu. Hakutoa kitu. Alinitazama kwanza.

"Kwa hiyo, baba," aliniuliza, "redio naweza kuifunika?"