Ushindi Mmoja wa Sauda Chali

"Mtu ambaye kazi yake ni kulia uongo, siku akilia kweli utamjuaje?"

Mwanangu, swali hilo niliulizwa Kidodi, mwaka niliomaliza chuo, na elimu yangu yote haikunisaidia kulijibu. Aliyeniuliza ni Bi Tatu, ambaye mikono yake ndiyo ilikuwa ya mwisho kumshika mama yako akiwa na fahamu zake. Nakusimulia kwa sababu Jumamosi unataka kwenda kwake akufundishe mieleka, na hakuna mtu katika nyumba hii aliyewahi kukueleza jambo hili likiwa na kichwa na miguu.

Najua nasaha ni kazi ya wazee, na mimi mama yako mdogo hata mvi sina. Lakini wazee wetu wameamua kunyamaza. Wanakuambia asiyesikia la mkuu huvunjika guu, wanadhani wamemaliza. Methali hiyo nimegombana nayo tangu ujana. Mama yako alimsikia kila mkuu. Babu yako alipotaka avae suruali ndefu na kujifunga kilemba ulingoni, alivaa na akajifunga. Promota aliposema leo unaanguka, alianguka. Alisikia yote, na akavunjika.

Dada Sauda alianzia Kidodi, alikokwenda kukata miwa wewe ulipoacha kunyonya. Siku za mapumziko wakataji walikuwa wakipigana mieleka juu ya majani makavu ya miwa, kwa kucheka tu. Bi Tatu, mkataji mwenzake aliyemzidi umri sana, ndiye aliyemfundisha kuanguka: kidevu kikae kifuani, mikono ipige chini kabla ya mgongo, pumzi itoke yote. Kisha akaja promota mwenye lori, turubai na spika kubwa, akawaambia kazi wanayoifanya bure inalipa. Wakaanza kuzunguka Mikumi, Kilosa, Kimamba, mpaka Kidete kwa treni, wakifunga ulingo wa mbao juu ya matairi makuukuu na kutandika magodoro.

Rekodi yake ni rahisi kuisimulia. Alishindwa Kidodi, akashindwa Kimamba, akashindwa kila walikofunga ulingo. Si kwamba alikuwa dhaifu. Katika mieleka ile mshindi hupangwa mapema, kamba za ulingo hazijakazwa bado, na anayejua kuanguka ndiye anayeangushwa. Mama yako alianguka vizuri kuliko wote. Watu wakampa jina, Sauda Chali. Sokoni Kilosa muuza nyanya alikuwa akimwambia, "Chali, leo umesimama?" Naye akijibu, "Nimesimama nikulipe tu, nikimaliza narudi chini."

Alicheka, lakini jina lilimwingia. Unajua mzaha unavyofanya. Mara ya kwanza unakugusa nguo, mara ya mia unakugusa mfupa.

Ipo jioni moja ambayo hainitoki. Nilikuwa nimekuja likizo hapa Chanzuru, Dada anakusuka, wewe umesinzia mapajani kwake. Akaniambia promota amempa ahadi: Mikumi, pigano la mwisho la msimu, atashinda yeye na atavikwa mkanda. Mimi wakati huo nilikuwa mtu wa kuuliza kila kitu, na nilikuwa nikiona fahari kuuliza. Nikamwambia, "Dada, si na huo ushindi umepangwa? Utafurahia nini?"

Hakuinua macho kwenye nywele zako. "Na harusi je?" akasema. "Watu wote wanajua nani anamuoa nani, kadi zimeshagawiwa. Mbona mnalia?"

Nikacheka. Yeye hakucheka. Akasema, "Nataka huyu siku moja amwone mama yake amesimama."

Kabla ya Mikumi yalibaki mapigano mawili. Kilosa alishindwa kwenye uwanja uliojaa matope, na akarudi nyumbani anachechemea lakini anaimba. Kidete ndiko kulikoharibika. Mwenzake alimwachia vibaya, kisogo kikagonga ubao mahali godoro lilipokuwa limesogea. Aliinuka, akamaliza pigano, akashindwa kama ilivyopangwa. Hayo niliyajua baadaye. Nilichokiona mimi ni mtu aliyeshuka kwenye treni akiwa amekunja uso dhidi ya jua, akatapika kabla hatujafika nyumbani. Nikamuuliza ana nini. Akajibu, "Nimekula vibaya njiani." Na mimi niliyekuwa nikimhoji kila mtu, hilo nikaliamini.

Siku ya Mikumi ulingo ulifungwa kwenye uwanja nyuma ya maegesho ya malori, mchana bado mweupe. Wewe ulibaki na bibi yako kwa sababu ya homa. Dada aliudhika sana. Mimi nilikaa mbele. Mpango aliniambia mwenyewe: Bi Tatu atamtupa chini mara mbili, mwamuzi ataanza kuhesabu, na kabla ya tatu yeye atainuka, amwangushe Bi Tatu na kumbandika mabega chini mpaka hesabu iishe.

Alipotupwa mara ya kwanza nilisikia mbao zikilia. Bi Tatu akamlalia, akamshika mkono kama mtu anayemkandamiza. Kisha akamnyanyua, akamtupa tena. Mwamuzi akapiga goti. "Moja," akasema. "Mbili." Mkono wake ukabaki hewani. Hakuthubutu kusema tatu, kwa sababu aliyelala ndiye aliyepangwa kushinda, na Dada hakuinuka.

Watu wakaanza kuimba, "Chali, Chali." Mzee mmoja jirani yangu akanigusa bega akasema, "Huyu mwanamke anajua kuigiza. Angalia, hata kope hazichezi."

Ndipo Bi Tatu akafanya jambo lililonisumbua muda mrefu. Alijiviringisha akalala chali yeye mwenyewe, akauvuta mkono wa Dada ukalala juu ya kifua chake, akamwambia mwamuzi neno. Mwamuzi akahesabu upya, harakaharaka, mpaka tatu. Kengele ikalia. Uwanja mzima ukaangua kicheko, maana mshindi amelala na aliyeshindwa anainuka. Promota akamwekea Dada mkanda tumboni. Bi Tatu akamnyang'anya promota kipaza sauti, akasema pigano limekwisha, mtu ameumia, leteni gari. Hapo ndipo kicheko kilipokatika, kidogokidogo, wa mbele kwanza.

Hospitalini daktari alituambia ubongo umevimba, na kwamba kichwa kile kilikuwa kimeumia hata kabla ya siku ile. Mama yako hakuamka. Tulimzika hapa Chanzuru. Mkanda, babu yako aliutupa mtoni.

Arobaini ilipopita nilikwenda Kidodi. Sikwenda kutoa pole, mwanangu, nilikwenda kumhoji. Malori ya miwa yalikuwa yakipita na vumbi lake, na Bi Tatu alikuwa nje ya chumba chake, anachambua mchele kwenye ungo.

"Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu. Vuta kigoda."

Nikamuuliza kabla sijakaa. "Uliona hainuki. Kwa nini ulipoteza muda kumpa ushindi badala ya kupiga kelele?"

"Kelele?" Aliokota jiwe dogo kwenye mchele, akalitupa. "Sisi tumepiga kelele miaka yote. Nimeshalia kwamba mguu umevunjika. Nimeshalia kwamba nakufa, watu wakanunua karanga nyingine. Wewe uliyesoma, niambie, mtu ambaye kazi yake ni kulia uongo, siku akilia kweli utamjuaje?"

Hakunisubiri. Akaupepeta ungo.

"Wanachokiamini ni kengele tu," akasema. "Nilitaka ilie upesi. Na kama ni lazima ilie, basi ilie kwa jina lake."

Ningeweza kuishia hapo, lakini sikuja kuishia hapo. "Na mara ya pili? Kwa nini ulimnyanyua mara ya pili?"

"Nilimuuliza kwanza."

"Nilikuwa mbele kabisa. Sikusikia umemuuliza."

"Hatuulizani kwa mdomo, watu wangesikia." Akaweka ungo chini, akanishika mkono, akanibana vidole. "Hivi. Maana yake, u mzima? Mwenzako akibana na yeye, ni mzima, mnaendelea. Asipobana, mnamaliza. Nilimbana, akabana. Tena kwa nguvu kuliko siku zote."

Akaniachia mkono. Macho yake yalikuwa makavu na mekundu. "Kuuliza si ujinga, mwanangu. Ila yuko anayeuliza ili ajue, na yuko anayeuliza ili apate wa kumtwika. Wewe umekuja na mzigo, unatafuta kichwa. Niwekee, kichwa ninacho. Lakini usiseme umekuja kujua."

Nilirudi nyumbani. Niliwasimulia wazee. Tangu siku ile hakuna aliyemlaumu Bi Tatu. Kwa kuwa lawama haikosi pa kukaa, ilihamia kwa mama yako: aliulizwa kama ni mzima naye anajua si mzima, akajibu ndiyo kwa sababu ya mkanda, na ana mtoto nyumbani. Hiyo ndiyo sababu ya ule ukimya unaouona jina lake likitajwa. Mimi pia nilimkasirikia miaka mingi. Nilikulea huku nimemkasirikia, na pengine ulilihisi jambo hilo bila kujua jina lake.

Sasa Bi Tatu hapigani tena. Anafundisha wasichana, na nasikia anafundisha vizuri, na bado anawafundisha kuulizana kwa kubana vidole.

Sikukatazi kwenda. Nimeona wanaokatazwa wanavyokwenda usiku. Jumamosi nitakupeleka mwenyewe. Ninachokutaka ni hiki. Ukiumia, sema kabla hujaulizwa, hata kama ahadi ya mkanda iko mbele yako, hata kama ulimi unataka kusema umekula vibaya tu njiani. Ukiulizwa, jibu kwa mdomo, watu wasikie, mchezo uharibike. Mchezo ulioharibika hutengenezwa wiki ijayo. Na wewe ukimuuliza mwenzako, usimnyanyue mpaka uisikie sauti yake. Mkono usiuamini. Bi Tatu akikasirika kwamba unavunja utaratibu wake, mwache akasirike. Nitakuwa nimekaa hapo hapo, na mimi ndiye nitakayemweleza sababu. Nimeliahirisha jambo hilo kwa kumwonea huruma, lakini huruma kwa mzee mmoja haiwezi kulipwa kwa shingo za watoto.

Mungu akupe mgongo wa kuangukia na miguu ya kuinukia. Akukutanishe na watu watakaoiamini sauti yako mara ya kwanza. Na siku utakaposhinda, uwe macho, usimame, ujione.

Sababu yenyewe niliipata mwaka jana, tulipofundishwa huduma ya kwanza kazini. Muuguzi alikuwa akieleza mambo mengi na mimi nilikuwa nusu nasikiliza. Akasema mtu akigongwa kichwa akapoteza fahamu, mara nyingine mikono yake hukakamaa papo hapo, na vidole hujikunja vyenyewe, vikabana kwa nguvu chochote vitakachokikuta. Nilimwomba arudie. Akarudia, kwa maneno yale yale. Mama yako hakujibu ndiyo, mwanangu. Alikuwa ameshazimia.