Mkokoteni wa Mapendo

Nikipita mbele ya gereji yoyote hapa Durban na kunusa grisi, mkokoteni wa baba hunirudia. Aliutengeneza kwa mbao alizookota kule bandarini Point na magurudumu ya baiskeli, nyuma ya chumba chetu Cato Manor, kwa ajili ya siku ambayo kanisa letu huwakumbuka Wamormoni wa kwanza, waliovuka Marekani kwa miguu wakivuta mali zao kwa mikokoteni na kuzika watoto njiani. Kila familia ilipewa "mtoto" wa kubeba, mfuko wa unga wa sembe uliofungwa kitambaani. Kwangu mimi, msichana wa miaka tisa, ulikuwa mchezo mtamu. Kwa mama haukuwa mchezo. Tulipotoka Bukavu, mdogo wangu alifariki kwa homa huko Msumbiji, tukamzika haraka kando ya barabara kwa sababu lori lilikuwa linatungoja. Tangu hapo mama hakutamka jina lake, nasi hatukuthubutu. Nilikuwa naogopa sana kwamba siku moja nitalisahau.

Tulipofika na mikokoteni chini ya kilima, wanaume walisimama kando, kama desturi inavyotaka, ili wanawake wavute peke yao. Papa Ilunga, kiongozi wetu, mpole kupita kiasi, akatangaza kwamba mtoto wa familia yetu amefariki. Tumzike kwenye nyasi, tuendelee. Mama akaupokonya ule mzigo mikononi mwangu, akaufunga mgongoni kwa kitenge.

"Papa Ilunga, unisamehe. Nilishaacha mutoto mu njia. Huyu siwezi kumwacha."

"Lakini mama, ni muchezo tu."

"Basi tucheze muzuri. Huyu iko na jina. Anaitwa Mapendo."

Nililia kwa furaha kulisikia tena jina la mdogo wangu, bila haya. Papa Ilunga alivua kofia. Mama akashika mpini, akavuta, unga ukavuja na kumpaka mgongo wote, na akina mama wakapanda nyuma yake wakiita, "Mapendo! Mapendo!" Kileleni mama alicheka. Nilikuwa nimesahau sauti ya kicheko chake.

Leo naishi Sydenham, na wanangu hununa taxi ikichelewa kidogo tu. Kanisani kwetu hakuna tena anayezika mzigo. Kila familia ikifika juu humwita mtoto wake aliyebaki njiani, na wako wengi kuliko tulivyodhani. Magoti ya mama yamegoma, kwa hiyo tunampandisha mapema kwa gari, anakaa juu anatungoja. Mwaka huu binti yangu ndiye aliyevuta. Alipofika, akihema, aliita, "Mapendo!"

Mama akasimama na fimbo yake, akaitika kwa niaba ya mwanawe, kilima kizima kikasikia.

"Iko hapa! Alishafika!"